Nani Atamlisha Usiku wa Kwanza?

Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo hapa Tanzania, kanuni zinampa miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu, ile inayojazwa kwenye Fomu Namba 5. Kabla ya kufika hapo kuna cheti cha kifo cha kufuatilia, kuna kikao cha familia na muhtasari wake wenye saini za waliohudhuria, kuna tangazo la kusubiri wenye pingamizi. Familia yenye maelewano huzipita hatua hizo kwa wiki kadhaa. Yenye mvutano huzipita kwa miaka. Orodha ikikamilika utakuta nyumba, kiwanja, pikipiki, akaunti ya benki, ng'ombe kama walikuwepo, hata friji na makochi. Mbwa aliyelala mlangoni pa marehemu kwa miaka tisa humwoni humo. Paka naye humwoni.

Na hata wangeandikwa, wasingesaidika. Taratibu zetu zote za mirathi zimewekwa kwa ajili ya vitu vinavyoweza kusubiri. Kiwanja kinasubiri. Fedha za benki zinasubiri. Shamba la mikorosho likikosa palizi msimu mmoja litaota majani, lakini litakuwepo. Mbwa anataka maji leo, kesho asubuhi atayataka tena, na hana habari kwamba ukoo haujakaa. Ndiyo maana nikisikia watu wanajadili mnyama wa marehemu siku ya kugawa vyombo, naona wamechelewa. Anayefuga anapaswa kuamua angali mzima ni nani atakayeingia uani jioni ya siku ya msiba na chakula mkononi. Mtu huyo awe ameulizwa akakubali, na ndugu wawe wanalijua hilo. Karatasi na fedha zina nafasi yake, nami nitazifikia, lakini kazi yake ni kuisindikiza ahadi hiyo.

Mtaani kwetu alifariki mwalimu mstaafu, mama aliyeheshimiwa na kila aliyemfahamu, aliyekuwa akiishi na mbwa mmoja dume, wa kahawia, masikio yameanguka. Siku ya msiba watu walijaa. Mbwa alibweka bila kupumzika, kwa sababu geti alilozoea kuliona likifunguliwa mara mbili kwa siku sasa halikufungwa kabisa, na wageni aliofundishwa kuwazuia walikuwa wakipita tu. Vijana wakamfunga nyuma ya nyumba, kwenye mpera, kwa kamba ya katani, asije akamng'ata mtu. Hapakuwa na ubaya katika hilo, na mtu yeyote mwenye busara angeshauri vivyo hivyo. Mbele ya nyumba kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, na masufuria ya wali na maharage yaliyokuwa jikoni tangu alfajiri. Kamati ya msiba ilijipanga vizuri: kulikuwa na mhazini wa rambirambi, mtu wa jeneza, mtu wa magari ya kwenda makaburini, mtu wa maji, mtu wa jenereta.

Siku ya tatu muuza maji alizunguka uani na madumu yake kujaza pipa, akamkuta. Kamba ilikuwa imejizungusha kwenye shina la mpera mpaka ukabaki urefu wa mkono tu. Bakuli lake la aluminiamu lilikuwa limepinduka mahali asipoweza kulifikia, na udongo kati yake na bakuli ulikuwa umechimbika kwa kucha. Mabaki ya wali yalikuwa yakimwagwa shimoni upande wa pili wa ua huo huo.

Nataka nieleweke. Watu wale hawakuwa wakatili. Wengi wao walifundishwa kusoma na mwalimu huyo, na walimlilia kwa machozi ya kweli. Kila mmoja aliamini yupo mwenzake anayemwangalia mbwa, na pale msibani hapakuwa na mtu ambaye angeweza kusema, mwalimu aliniachia mimi kazi hii. Hilo tu ndilo lililokosekana. Wali ulikuwepo, na mikono ilikuwepo.

Baada ya kuanua tanga, watoto wa marehemu walikaa. Mmoja anaishi ghorofani, kwenye nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe hataki mnyama. Wa pili yuko Mwanza. Wa tatu ana mtoto mwenye pumu. Zote zilikuwa sababu za kweli, sikuona hila hata moja. Wakafikia uamuzi ambao familia nyingi huufikia: apelekwe shamba. Alipakiwa nyuma ya pikapu pamoja na magodoro ya mama. Wiki mbili baadaye anayelinda lile shamba alipiga simu kusema kwamba mbwa haonekani tena.

Huu uamuzi wa kumpeleka mnyama shamba unahitaji kusemwa wazi, maana tunauchukua kwa moyo mweupe, tukimwona rohoni anakimbia kwenye nafasi. Mbwa aliyekulia nyuma ya geti la mjini hajui kujitafutia. Shambani kuna mbwa wengine, wenye eneo lao, nao hawampokei. Mlinzi wa shamba ana familia yake ya kulisha na hakuulizwa. Siku ya tano mbwa anaiba kuku wa jirani, siku ya sita anapigwa mawe au anawekewa sumu. Akinusurika, anakuwa mbwa wa barabarani ambaye chanjo yake itapita muda bila mtu kujua, maana kadi ya chanjo ilibaki kwenye droo ya marehemu mjini. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Tanzania na Kenya, na wengi wanaoumwa ni watoto. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mkakati wa kukitokomeza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030, na msingi wake mkubwa ni kuchanja mbwa kwa wingi mwaka hadi mwaka. Mbwa asiye na mtu wa kumpeleka kwenye chanjo anatoka nje ya mpango huo siku mwenyewe anapofariki. Kwa hiyo hata msomaji asiyependa wanyama ana maslahi yake katika jambo hili.

Kwa paka tuna njia nyingine, nayo naona ni mbaya zaidi kwa sababu ina maandalizi. Anatiwa kwenye kiroba, mdomo unafungwa, anapandishwa bodaboda na kumwagwa soko la samaki. Anafungwa kirobani makusudi ili asiione njia ya kurudi. Tunajua, basi, kwamba angerudi.

Watu wanapozungumza juu ya mnyama na kifo cha mwenyewe, hawakawii kumtaja Hachiko wa Japani. Profesa Hidesaburo Ueno wa Tokyo alifariki ghafla Mei 1925, na mbwa wake aliyekuwa akimsindikiza na kumpokea aliendelea kwenda kituo cha treni cha Shibuya mpaka alipokufa Machi 1935. Sanamu yake ilisimamishwa kituoni hapo mwaka 1934, mwenyewe angali hai. Tunaisimulia hadithi hii kama hadithi ya uaminifu, na uaminifu umo. Lakini itazame kwa jicho la mirathi. Ueno aliishi na mwanamke aliyeitwa Yaeko bila ndoa iliyosajiliwa. Alipofariki, Yaeko hakuwa na haki juu ya nyumba, akalazimika kuondoka. Mbwa akahamishwa kwa jamaa mmoja, kisha kwa mwingine, hakukaa vizuri kokote, hadi alipoangukia mikononi mwa mtunza bustani wa zamani wa profesa, aliyekuwa akiishi jirani na Shibuya. Hakuna aliyepanga. Mtu pekee ambaye mbwa angebaki naye bila kuhama alikuwa ametolewa nyumbani kwa sababu ya karatasi. Mbwa akaokolewa na mfanyakazi. Nikiisoma hivyo naziona nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, zenye mwenza ambaye ukoo haumtambui na mfanyakazi ambaye hakuna anayemuuliza, na humo humo mna mnyama ambaye hawa wawili ndio pekee wanaomjua.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu na ya wenye fedha, kwamba Mwafrika hajawahi kuandika wosia kwa ajili ya paka. Pwani yetu inawakatalia. Kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi kimesomwa katika darsa za Kishafii za mwambao huu kwa vizazi, na enzi za ukoloni mahakama za Zanzibar na Mombasa zilikitegemea katika kuamua mirathi. Katika mlango wa wasia, Nawawi anaingia moja kwa moja kwenye suala la mnyama. Mtu akiusia mali kwa mnyama kwa nia ya kummilikisha, wasia ni batili, maana mnyama hamiliki. Lakini akisema mali hiyo itumike kwa malisho yake, basi wasia unaswihi. Mlango huo huo unaruhusu kumuusia mtu mbwa ambaye ni halali kunufaika naye, kama mbwa aliyefundishwa, ingawa mbwa mwenyewe ni najisi na hauzwi. Aliyeandika hayo alifariki mwaka 1277. Suala ambalo leo tunaliona geni lilikuwa limeshapata jibu, kwa sentensi fupi, katika kitabu ambacho mashekhe wetu wanakijua.

Na jibu lenyewe ni zuri. Halijifanyi kwamba mnyama ni mtu. Halimpi nyumba wala halimwiti mrithi. Linauliza tu fedha itafanya kazi gani, na likiridhika kwamba itanunua majani au nyama, linaruhusu. Mwislamu anayefuga anaweza kulitumia bila kuvunja mgawanyo wa mirathi, kwa kuwa theluthi ya mali iko wazi kwa wasia kwa wasio warithi. Jirani, rafiki, dada wa kazi au mlinzi wa usiku, hawa wote wanaweza kuachiwa kitu kwa ajili ya kumtunza mnyama. Kwa mtoto wa kumzaa ni vigumu zaidi, kwa sababu wasia kwa mrithi unahitaji ridhaa ya warithi wenzake. Hilo nalo linatusukuma tutazame nje ya ukoo.

Aliyeishi zama moja na Nawawi, tena aliyewahi kukwaruzana naye kuhusu kodi, ni Sultani Baybars wa Misri, naye alifariki mwaka huo huo wa 1277. Inasimuliwa kwamba Baybars aliacha bustani karibu na msikiti wake, kaskazini ya Cairo, iwe wakfu kwa ajili ya paka wa mji. Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1836, alieleza kilichobaki baada ya zaidi ya karne tano. Wasimamizi walikuwa wameiuza bustani, ikauzwa tena na tena, kwa kisingizio kwamba imechakaa mno, mpaka kilichobaki kwa ajili ya paka kikawa kodi ndogo ya qirshi 15 kwa mwaka. Kadhi, kwa kuwa ndiye mlinzi wa wakfu, akabaki na mzigo. Kila alasiri matumbo na mabaki ya nyama yaliletwa kwenye ua mkubwa wa mahakama, na paka wakaitwa kula. Waliotaka kuondokana na paka bila kuwaua waliwapeleka pale.

Nimeufikiria sana ua ule. Bustani, yaani mali, ililiwa na waliokabidhiwa. Kilichodumu ni kwamba palikuwa na mtu mwenye cheo kinachojulikana, ambaye mji mzima ulijua kwamba kazi hiyo ni yake, nayo ikafanyika hadharani, saa inayojulikana. Sultani aliacha ardhi, paka wakalishwa kwa sababu ya kadhi.

Mali nyingi pia ilimshinda Leona Helmsley, tajiri wa mahoteli wa New York aliyefariki mwaka 2007. Alimwachia mbwa wake mdogo, Trouble, dola milioni 12. Jaji akazipunguza zikawa milioni 2. Ulimwengu ulishangaa idadi ya fedha, lakini mimi nashangaa jambo jingine: ndugu aliyetajwa kumlea mbwa hakumchukua, na aliyemtunza hadi alipokufa mwaka 2010 alikuwa meneja wa hoteli mojawapo ya tajiri huyo, huko Florida. Fedha hizo zote hazikuweza kumfanya ndugu afungue mlango. Marekani leo majimbo yote yanaruhusu mtu kuweka amana kwa ajili ya mnyama wake, Minnesota likiwa la mwisho, mwaka 2016. Uingereza mahakama ilikubali tangu mwaka 1889 wosia wa bwana mmoja uliotenga pauni 750 kwa mwaka, kwa hadi miaka 50, kuwatunza farasi na mbwa wake wa kuwindia. Njia hizo ni halali na zina faida kwa mwenye uwezo. Wengi wetu hatuhitaji amana. Tunahitaji jina la mtu.

Sheria zetu za mirathi zilichota mengi Uingereza, na huko sheria ya mwaka 1925 ilipotaja vitu binafsi vya marehemu iliwaorodhesha wanyama wa nyumbani baada ya vifaa vya bustani na kabla ya sahani za fedha. Hapo ndipo mnyama alipowekwa. Kenya nako, Sheria ya Urithi inakataza mtu yeyote asiye na mamlaka kuingilia mali ya marehemu, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ni katazo jema, limewaokoa wajane wengi. Lakini jirani mwangalifu anaweza kulisikia akaogopa hata kufungua geti la nyumba ya marehemu. Asiogope. Vitabu vya sheria vya Uingereza vimesema kwa karne kadhaa kwamba kumzika marehemu na kulisha mifugo yake hakuhesabiwi kuwa kujiingiza katika mirathi, kwa kuwa ni matendo ya ubinadamu na ya dharura. Ningependa kila mwenyekiti wa mtaa na kila chifu alijue hilo. Ajue pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amtunze. Mwenyewe akishafariki na msimamizi hajateuliwa, wajibu huo unaning'inia bila mtu, na ni katika siku hizo mnyama hufa.

Sasa, nani aachiwe? Hapa nina msimamo, na najua utawaudhi baadhi ya wasomaji. Mtu wa kwanza kuulizwa awe ndiye anayemlisha mnyama sasa hivi. Katika nyumba nyingi za mijini huyo si mwenye mnyama wala mtoto wake. Ni dada wa kazi, ni kijana wa bustani, ni mlinzi anayegawana naye ugali saa nane za usiku. Mnyama anaijua harufu yake, sauti yake na hatua zake. Yeye anajua kwamba mbwa huyu hali dagaa, kwamba radi ikipiga anajificha chini ya gari, kwamba sikio la kushoto huwa linatoa usaha mvua zikianza. Maarifa hayo hayamo kwenye cheti chochote. Lakini baada ya msiba mtu huyu ndiye wa kwanza kulipwa mshahara wa mwezi na kuambiwa aende kwao, na hakuna anayemuuliza hata jina analomwitia mbwa. Tunawatenganisha viumbe wawili siku moja, kisha tunashangaa mnyama anakataa chakula.

Kumwachia mfanyakazi mnyama bila kumwachia chochote ni kumtwisha mzigo, na sitaki nieleweke kwamba napendekeza hivyo. Mbwa mkubwa anakula. Kuna chanjo, kuna dawa za minyoo na kupe, kuna daktari wa mifugo. Anayetaka mlinzi wake ambebe mbwa huyo hadi kwao Singida atenge fedha ya chakula kwa miaka ambayo mnyama anatarajiwa kuishi, na aiandike kwa namna ambayo watoto hawatamgeuzia kibao baadaye wakasema ameiba mbwa na hela. Hiyo ndiyo kazi ya karatasi. Kwa wanaofuata taratibu za kimila Tanzania, tangazo la serikali namba 436 la mwaka 1963 linataka wosia wa mdomo uwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Kenya, wosia wa mdomo unataka mashahidi wawili, na hauna nguvu mtoa wosia akiishi zaidi ya miezi mitatu tangu autamke, kwa hiyo kwa mtu mzima wa afya heri aandike. Tanzania, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, inapokea na kuhifadhi wosia. Shekhe, padri, wakili, yeyote anayeombwa kusaidia kuandika, aulize swali hilo la mnyama kama anavyouliza habari za madeni.

Lakini wosia husomwa baada ya maziko, mara nyingine baada ya arobaini. Kwa hiyo yaliyomo kuhusu mnyama yasiwe siri ya bahasha. Jirani anayekubali apewe ufunguo wa geti sasa, na azoeane na mnyama sasa, amlishe wiki ile unaposafiri. Kadi ya chanjo aoneshwe ilipo. Watoto waambiwe kwa sauti, wote wakiwa wamekaa, kwamba nikiondoka Simba anakwenda kwa mama Asha wa nyumba ya tatu, tumeshaongea. Ugonjwa nao huja kabla ya kifo: mtu analazwa hospitali wiki tatu, na nyumba inabaki na mnyama ndani. Makubaliano hayo yanafanya kazi hata hapo.

Paka ana tabu yake. Yeye hushikamana na mahali kuliko mbwa, na ukimhamisha bila utaratibu atarudi kwenye nyumba ya zamani hata kama ni kuvuka barabara kuu. Anayempokea amfungie ndani wiki mbili tatu, na kitambaa au nguo ya mwenyewe, mpaka aielewe nyumba mpya. Mara nyingine la busara zaidi ni kumwacha palepale na kuzungumza na mpangaji anayeingia. Wapo wapangaji wanaokubali wakielezwa mapema.

Kasuku wa kijivu ni jambo zito zaidi, kwa kuwa anaweza kuishi miaka 40, hata 60, kwa hiyo anayemnunua akiwa na miaka 50 anamnunulia mtu mwingine. Biashara ya kimataifa ya kasuku hao, ambao wengi hutoka misitu ya Kongo na jirani zake, imebanwa vikali tangu Januari 2017, na kumfuga Kenya kunahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Mrithi anayembeba tu kwenye tundu na kuondoka naye anaweza kujikuta matatani. Kobe ndiye wa mbali kabisa: wale wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wamepita mikononi mwa vizazi vya watunzaji. Kwa wanyama hawa mrithi mmoja hatoshi. Aliyepokea naye ataje wa kwake.

Kuna wanaoandika au kuusia kwamba wakifa, mbwa wao achomwe sindano. Nimesikia sababu: hatazoea mtu mwingine, atateseka. Kwa mnyama mzee mwenye maradhi yasiyotibika, daktari wa mifugo akishauri hivyo, nakubali. Kwa mnyama mwenye afya nakataa kabisa. Huzuni ya mbwa ni ya kweli, nimeiona, lakini mbwa huzoea tena. Hachiko mwenyewe alikula kwa mtunza bustani na akaishi karibu miaka kumi zaidi. Hatuna haki ya kumwandikia kifo kiumbe kizima kwa sababu tunaona uchungu kumfikiria akifurahi na mwingine. Kama hakuna mtu kabisa, Nairobi kuna KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilichokuwepo tangu mwaka 1910, na katika miji mingine wapo madaktari wa mifugo na wafugaji wanaojuana. Wapigiwe simu kabla kiroba hakijatafutwa.

Lipo moja linaloweza kuanza wiki hii bila sheria mpya na bila mahakama. Kila mtaa una kamati ya msiba, na kila kamati inagawa kazi jioni ya kwanza. Iongeze mtu wa mnyama. Akifika aulize nyumbani kuna nini: mbwa, paka, kuku, kasuku, njiwa. Aulize nani alikuwa akiwalisha, na kama yupo ambaye marehemu alizungumza naye. Mbwa afungwe kivulini, mbali na turubai, kwa kamba ambayo haiwezi kuzunguka shina, na bakuli zito la maji lisilopinduka. Paka afungiwe chumba kimoja, dirisha likiwa limefungwa, kwa sababu makelele ya watu wengi humkimbiza asionekane tena. Chakula kitoke kwenye sufuria la msiba, kikiwa hakina vitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa. Kadi ya chanjo itafutwe kabla nyumba haijafungwa, akabidhiwe anayempokea mnyama, na jina lake liandikwe kwenye daftari la kamati, pale pale panapoandikwa rambirambi, ili ukoo ukikaa kusiwe na wa kusema hakujua mbwa yuko kwa nani.